Naombeni ushauri: Chevelle SS ya 1970, jamaa anadai injini ni LS6 ya kiwandani, nitajuaje?

DerevaWaOhio

Wakuu habari za humu. Mimi ni dereva wa malori huku Ohio, mwaka wa tisa huu, na ugonjwa wangu ni mmoja tu, hizi gari za zamani za Kimarekani zenye V8 kubwa. Nimejinyima sana, sinywi, sivuti, nimeweka hela kidogo kidogo, na sasa nimepata Chevrolet Chevelle SS 454 ya 1970 (454 ni ujazo wa injini kwa inchi), nyekundu, mistari myeusi kwenye boneti, gia nne za mkono, gari imenyooka ukiiona unasahau njaa. Mwenyewe anataka dola 95,000 na anasema bei iko hivyo kwa sababu injini ni LS6, ile ya farasi 450, siyo LS5 ya farasi 360, na kwamba imezaliwa na hiyo gari.

Karatasi hana, ana fotokopi moja tu imefifia haisomeki. Ila amenifungulia boneti nikapiga picha. Nyuma ya altaneta kuna kibapa, ile sehemu bapa ya bloku yenye namba, kimeandikwa T0423CRV na chini yake 10K1xxxxx, na hizo za mwisho zinalingana na namba ya kwenye dashibodi. Nyuma ya bloku kuna 3963512. Manifoldi ya juu ni ya aluminiamu, 3963569. Kibati cha bodi pale kwenye ukuta wa injini kina 04B. Anataka kishika uchumba cha dola 5,000 kabla ya Jumamosi maana eti kuna mtu wa Florida anaipigia simu kila siku.

Nitoe au nisitoe?

Kipara_Ngoto

Dola elfu 95 kaka? Hiyo ni nyumba Kigamboni na chenji ya kununulia feni. Haya, nimekaa pale nasubiri wataalamu.

V8_Damu

Mkuu hapo hamna cha kuuliza. CRV ndiyo LS6 ya gia za mkono, oto ilikuwa CRR. Bloku 512 ndiyo yenyewe, manifoldi 569 ndiyo yenyewe, namba ya gari inalingana. Toa hela kabla huyo wa Florida hajakuzidi kete.

MzeeChuma

V8_Damu mwanangu usimwingize mwenzio shimoni. Nimesaga mabloku kwenye mashine miaka ishirini na saba, Dar kisha huku, acha nimweleze.

Kwanza hiyo 3963512. Ni namba ya kalibu, maana yake chuma kilimwagwa kwenye umbo hilo, basi. Chevrolet mwaka 1970 waliitumia kalibu hiyo kwa LS5 na LS6, na hata 454 za gari kubwa za familia. Kwa hiyo mtu akikutajia 512 ya mwaka ule amekuambia ni 454, hajakuambia ni LS6. Manifoldi nayo inafungwa kwa bolti, leo hii unaagiza inaletwa mlangoni. Ukiona muuzaji anakutajia vitu vya kufungwa kwa bolti tu, ujue kile kisichofungwa kwa bolti hataki ukiangalie.

Kisichofungwa kwa bolti ni hicho kibapa. Pale pana mihuri miwili, na iligongwa sehemu mbili tofauti siku mbili tofauti. T0423CRV iligongwa kiwanda cha injini, T ni Tonawanda kule jimbo la New York, 0423 ni Aprili 23, CRV ni aina ya injini. Ule wa pili, 10K na namba zinazofuata, uligongwa kiwanda kilichounganisha gari, 1 ni Chevrolet, 0 ni mwaka 1970, K ni kiwanda cha Kansas City, halafu namba ya gari lenyewe. Kwa hiyo mihuri ya kweli haifanani mwandiko, wala haikai kwenye mstari mmoja kama shanga. Ikifanana sana, siku moja mkono mmoja, anza kukuna kichwa.

Sasa nikuulize wewe mwenyewe, soma tena ulichoandika. Kibati cha bodi 04B ni wiki ya pili ya Aprili. Injini imeunganishwa Aprili 23. Bodi ilikuwa inasubiri nini Kansas City wiki nzima na zaidi, injini izaliwe?

DerevaWaOhio

Shikamoo mzee. Duh. Hilo sikuliona kabisa. Lakini si inawezekana laini ilichelewa kidogo?

MzeeChuma

Marahaba. Siku mbili tatu naweza kukubali, hicho kibati ni cha bodi, gari inamalizika baadaye kidogo. Lakini hiyo Aprili 23 ni siku injini imeunganishwa tu, bado ipakiwe New York isafirishwe mpaka Missouri. Mpangilio unakwenda hivi: chuma kinamwagwa, injini inaunganishwa, inasafirishwa, inaingia kwenye gari. Tafuta na tarehe ya kumwagwa, ipo ubavuni mwa bloku upande wa abiria, kuelekea kwenye stata, herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwaka. D 3 0 kwa mfano ni Aprili 3, 1970. Ukikuta bloku imemwagwa baada ya gari kutengenezwa, hapo hata usiage.

Ukirudi fanya hivi. Chukua kitambaa na dawa ya kusafishia kabureta, futa kibapa taratibu. Usiguse msasa wala brashi ya waya, utaharibu ushahidi. Halafu tochi ya simu iweke ubavuni, mwanga upite umelala juu ya chuma. Kiwandani walikata uso wa bloku kwa mashine iliyoacha mistari myembamba sana iliyonyooka, yote upande mmoja, na mihuri iligongwa juu yake. Ukiiona mistari hiyo inapita katikati ya herufi, vizuri. Ukikuta pamelainika kama kioo, au kuna miduara duara, mtu ameshapita hapo na grainda.

KamauMashinist

Niongeze kidogo hapo kwa Mzee, kwa heshima. Si kila kibapa kilicholainika ni cha mwizi. Hizi injini zimefanyiwa ovahoo mara ngapi tangu 1970, na ukiskimu uso wa bloku hedi zikae sawa, jiwe linapita na kwa kibapa pia, namba zinaisha zote. Mimi nimeziona. Wengine huku wanamwambia fundi aache hiyo sehemu, wengine hawajui, wengine hawajali maana siku hizo ilikuwa gari tu ya kwenda kazini. Kwa hiyo kibapa kisafi kisicho na namba kinaweza kuwa cha mtu mwaminifu. Kibapa kilicholainika HALAFU kina namba mpya, huyo ndiye wa kukimbia.

Na ukikuta CE mahali pa hizo herufi usishtuke, hiyo ni bloku ya kubadilisha iliyotoka kwa wauzaji wa Chevrolet wenyewe, mara nyingi ya waranti. Si feki, lakini pia haikuzaliwa na gari, na bei ishuke.

MzeeChuma

Kamau uko sahihi kabisa, nilipaswa kulisema hilo.

V8_Damu

Sasa mbona msiangalie tu namba ya chasisi mjue injini ni ipi? Mopar, yaani gari za Chrysler, si wanafanya hivyo?

DadaWaToronto

Mopar ndiyo. Ukiwa na Plymouth Cuda au Dodge Challenger ya 1970 au 71, herufi ya tano ya namba ya gari inakuambia kila kitu, R ni Hemi 426, V ni 440 ya kabureta tatu. Unachungulia kioo cha mbele unamaliza kazi, labda kibati chenyewe kiwe kimechakachuliwa. Ford nao wana Marti Report, gari za kuanzia 1967 rekodi zake zipo, unalipa unaletewa gari ilitoka kiwandani na nini. Na Mustang Boss 429 ina mpaka namba yake ya KK mlangoni maana ziliunganishwa kwa kampuni ya Kar Kraft kule Brighton, Michigan.

Chevrolet ndio waliotutesa. Chevelle ya 1970 inaanza na 13637, maana yake Malibu, jina la Chevelle ya kawaida, yenye V8 milango miwili, mwisho. Haisemi hata kama ni SS, maana SS 454 ilikuwa kifurushi tu, Z15, na LS6 ikawa nyongeza juu ya kifurushi. Herufi ya injini wameiweka 1972, W ikawa 454, lakini 1972 LS6 haikuwepo tena. Ndiyo maana wapigaji wanazipenda Chevelle za 1970 kuliko kitu chochote. LS6 zinazotajwa kutengenezwa mwaka ule ni 4,475, sijui leo zinazouzwa ni ngapi 😂

Ukweli wako uko kwenye karatasi. Kuna karatasi ya kiwandani, mara nyingi ilibaki juu ya tangi la mafuta au ndani ya viti, muombe ashushe tangi. Kuna kibati cha chuma cha kitabu cha waranti, Protect-O-Plate. Na kama gari iliuzwa mpya Canada, GM wa Canada wana rekodi, ungeandikiwa barua yenye kila kitu. Iliuzwa wapi hiyo?

DerevaWaOhio

Anasema Missouri dada. Haikugusa Canada.

DadaWaToronto

Basi pole. Tangi lishuke.

MzeeChuma

Na kabla ya tangi, mwambie awashe. LS6 tapeti zake ni za chuma tupu, zinarekebishwa kwa mkono, ikiwa inanguruma pale chini lazima usikie tik tik tik kama cherehani ya mama yako. LS5 ni tapeti za oili, kimya. Halafu kama ana nia njema atakubali afungue tapeti kava moja tu, dakika kumi hazifiki. Hedi ya LS6 ni 3964291, matundu yake ya hewa ni mstatili. 3964290 ni ya LS5, matundu kama yai. Na gia boksi pia ina muhuri wa namba ya gari, hiyo wapigaji wengi wanaisahau kwa sababu iko chini na ina grisi. LS6 ya gia za mkono ilikuja na gia boksi aina ya M22, muhuri wa tarehe unaishia na herufi C. B ni M21.

Kipara_Ngoto

Mzee hapa umetoa darasa la bure, watu wanalipia hii.

DerevaWaOhio

Wakuu nimerudi, mniwie radhi nilikuwa na mzigo wa kupeleka Tennessee nikapitia kwa jamaa nikirudi jana.

Nianze na mlio. Akawasha. Nikasogeza sikio. Kimya mzee, inalia laini kama Crown ya bosi. Nikamuuliza mbona sisikii tapeti, akasema ameziweka za kisasa ili zisisumbue. Nikasema sawa, inawezekana.

Nikafuta kibapa kama ulivyoelekeza, nikalaza tochi. Mistari hamna. Pamelainika na kuna miduara, tena herufi zimekaa juu ya miduara, yaani zimegongwa baada ya kusagwa. Na mihuri yote miwili imenyooka mwandiko mmoja urefu mmoja, isipokuwa R ya CRV imepinda kidogo kama aliyeigonga alikuwa na haraka. Picha nimempa Mzee inbox.

Tarehe ya kumwagwa nayo nimeipata baada ya kulala chini robo saa. H 19 0. Nikahesabu kwa vidole, H ni Agosti!! Bloku imemwagwa Agosti, eti injini imeunganishwa Aprili.

Gia boksi namba yake haina uhusiano wowote na ya gari na inaishia B. Kufungua tapeti kava alikataa kwanza, nilipomwambia basi naondoka akafungua mwenyewe. 3964290. Jamani. Hedi za LS5 chini, manifoldi ya LS6 juu.

KamauMashinist

Manifoldi ya matundu ya mstatili juu ya hedi za yai 😂 itafunga na itawaka, lakini mtu aliyeifunga alikuwa anafungia macho ya mteja, si injini.

V8_Damu

Nimenyamaza. Nimejifunza.

DerevaWaOhio

Sasa ngoja, bado sijamaliza. Nilipomwonyesha Agosti akakasirika, akasema yeye aliinunua hivyo hivyo, kauziwa kama LS6 na yeye, na huenda ni kweli sijui. Halafu jioni kanitumia meseji, 60,000 nikichukua wiki hii. Na mimi roho inanisuta maana bodi ni safi kweli, nimeingia mpaka chini, hakuna kutu. Wazee mnasemaje?

MzeeChuma

Namba ya dashibodi 13637 inakuambia Malibu tu, dada ameshakueleza. Kwa hiyo mpaka sasa hujui hata kama ni SS. Unachouziwa ni Malibu nyekundu yenye 454 ya mahali pengine na gia boksi ya mahali pengine. Linganisha bei na Malibu za aina hiyo zilizouzwa, siyo na LS6 iliyopunguzwa. Akisema 60 ni punguzo, ni punguzo la kitu ambacho hana.

Kitu kingine, uliza hiyo namba iliyogongwa upya ikoje kisheria kwenye jimbo lako. Mimi nisingependa kusimamishwa na askari anayejua kusoma bloku, na wala nisingependa siku ya kuuza niwe mimi ndiye ninayeulizwa.

DerevaWaOhio

Nimeacha mzee. Inauma lakini nimeacha. Yule wa Florida aichukue kama yupo.

Kuna Pontiac GTO ya 1969 Indiana, muuzaji anasema injini ni Ram Air IV, ile kali yao. Msicheke.

DadaWaToronto

Hatucheki 😂 Hapo una bahati, Pontiac siyo Chevrolet. Kuna PHS (Pontiac Historic Services), wanazo kumbukumbu za kiwanda za Pontiac, unatuma namba ya gari na ada kidogo wanakurudishia injini iliyoagizwa. Chukua namba ya dashibodi tu, hata boneti usifunguliwe. Wakikujibu tuma hapa ndio tuanze kuongea bei.

MzeeChuma

Na tochi usiisahau.