Tupeane uzoefu: zamia na maua mengine ya majani, mnayamwagiliaje?

Mwanavitalu, Tanga: Wadau, nauza miche ya maua ya ndani, na ua ninaloletewa likiwa mahututi kuliko yote ni zamia, ile wengine wanaiita ZZ. Ukishika shina linang'oka lenyewe, na vile viazi vya chini vimelainika, vinanuka, kisa kumwagiliwa mno. Jamani, humo ndimo inamoweka maji yake! Huu ni mmea wa kwetu, unaota porini Kenya, Tanzania hadi Msumbiji, na kiangazi haukiogopi. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990, sasa uko kila ofisi duniani. Mimi simwagilii mpaka udongo ukauke hadi chini. Na nyie?

Dada wa Gorofani, Dar: Kwetu shida ni maji yenyewe. Ya kisima yana chumvi. Ncha za majani ya drasena zilikuwa zinakauka, na juu ya udongo kunafanya ukoko mweupe. Siku hizi nakinga ya mvua kwenye pipa. Majani mapya yanatoka safi. Yale ya zamani hayaponi, nayapunguza ncha kwa mkasi.

Mama Likoni: Wanangu, angalieni udongo kwanza. Mimi nachanganya usumba wa makumbi ya nazi, mchanga na samadi iliyooza sawasawa, na chungu lazima kiwe na matundu. Monstera nimeisimamishia nguzo iliyoviringishwa usumba uleule. Mizizi yake ya hewani imejishika pale, na kila jani jipya linazidi la nyuma kwa ukubwa na matundu. Majani nayapangusa kwa kitambaa kibichi. Hapo ndipo ninapowaona mapema wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani. Nawafuta kwa maji ya sabuni.

Kijana wa Arusha: Shikamoo Mama. Huku Julai ni baridi, maji napunguza sana. Zamia naizalisha kwa vijani: nachomeka kimoja kimoja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Miezi inapita huoni kitu juu, lakini ukifukua unakuta kiazi kimeshafunga na mizizi imetoka. Subira inahitajika kweli.

Mama Likoni: Marahaba mwanangu. Ukimaliza kukata nawa mikono, utomvu wake unawasha, na watoto wasiutafune.

Dada wa Gorofani, Dar: Kijana, hivyo vijani unaviweka juani au kivulini?

Kijana wa Arusha: Kivulini penye mwanga, dada. Jua kali linavibabua.