Homa inakata, inarudi, malaria haionekani. Naombeni ushauri wakuu

MkulimaSikonge: Habari za usiku wakuu. Nina mgonjwa hapa kambini, tunalima tumbaku. Homa ilimkamata vibaya: kichwa, viungo, kutapika, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Baadaye ikakata yenyewe, akala ugali vizuri, tukajua yameisha. Wiki haijapita sawasawa imerudi vilevile. Zahanati wamepima malaria, hamna. Jirani anasema ni papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba. Dawa yake ni ipi?

DadaUyui: Pole kaka. Mnalala nyumba ya aina gani?

MkulimaSikonge: Ya tope, chini vumbi. Kitanda kipo, ila joto likizidi tunatandika mkeka.

MzeeWaUrambo: Mkeka ndio huohuo. Papasi si kupe wa ng'ombe, wengi mnawachanganya. Huyu anajificha kwenye nyufa na vumbi, usiku anatoka, ananyonya muda mfupi, anarudi zake wala husikii. Anaweza kukaa miaka bila kula. Marehemu bibi yangu akisafiri alifunga papasi kwenye pindo la khanga wamng'ate hukohuko ugenini, eti asije akarudi mwili umesahau ugonjwa. Sisi wajukuu tulikuwa hatumkalii karibu.

Msomaji_wa_Kale: Robert Koch, daktari Mjerumani, alikuja Afrika Mashariki ya Kijerumani 1905, akawakuta bakteria wa homa hii ya papasi mpaka ndani ya mayai ya papasi. Yaani mama anarithisha wanawe. Mwaka huohuo Dutton, daktari Mwingereza, alikufa Kongo kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Ndiyo maana bakteria anaitwa Borrelia duttonii.

DadaUyui: Asante mwalimu, mgonjwa bado anatetemeka.

FundiMaabara: Mkuu, kile kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni huyu bakteria. Damu itolewe homa ikiwa juu, ipakwe kwenye kioo. Anaonekana kama uzi uliojisokota. Homa ikishuka ni shida kumpata. Sasa mgonjwa ni nani? Mbona unamzungukazunguka?

MkulimaSikonge: Mtu mzima, wa kike. Doksi (doksisaiklini) nimeshanunua dukani, ameanza.

FundiMaabara: Ana mimba?

MkulimaSikonge: Miezi saba. Ila muuza dawa hakuuliza. Na hospitali ya wilaya ni nauli, halafu tunakausha tumbaku, moto wa bani, banda la kukaushia, hauachwi peke yake. Nilionelea amalize dozi kwanza.

FundiMaabara: Asimeze tena hiyo doksi. Mpeleke leo hii. Homa ya papasi inatoa mimba, au mtoto anazaliwa kabla ya wakati, wengine hawaponi. Mjamzito ana dawa zake, kama erithromaisini, na daktari ndiye anapanga. Dozi ya kwanza ni vizuri ainywe akiangaliwa, maana saa chache baadaye bakteria wakifa kwa mkupuo homa inapanda na presha inaweza kuanguka.

MamaWawili: Majani unayachungia moto usiku kucha, mama kijacho unamlaza chini. Wanaume!

Kisu_Kikali: Chai hii wakuu, katunga tu. Majuzi kwenye uzi wa mahari huyuhuyu aliandika hana mke.

MkulimaSikonge: Niliandika sijatoa mahari. Soma vizuri.

MzeeWaUrambo: Heee! Ng'ombe hujatoa, halafu papasi unampa bure? Wakwe wakisikia hiyo faini utalipa mpaka msimu ujao.

Kisu_Kikali: Chai, tena haina sukari. Tuma picha ya bani.

MkulimaSikonge: Homa imepanda tena sasa hivi. Shemeji analeta pikipiki, bani nimemwachia kijana. Fundi, hivi vidonge niende navyo?

FundiMaabara: Nenda navyo, useme alimeza cha mwisho saa ngapi. Na mimba uitaje mlangoni, usingoje kuulizwa.

Kisu_Kikali: Kijana gani wa Sikonge analinda bani usiku bila kulipwa?