Watembeza wageni wa Malindi, mtatuuzia nusu ya historia mpaka lini?

Wanajamvi, salaam. Leo nina hasira na sitaandika kwa upole, mtanistahimili.

Juzi nilisindikiza darasa la mpwa wangu kwenye ziara ya mji wetu huu wa Malindi. Watoto na sare zao, madaftari mkononi, nauli imetoka kwa wazazi ambao hata karo yenyewe wailipa kwa taabu. Mtembezaji akawasimamisha kwenye mnara wa Vasco da Gama karibu saa nzima. Jahazi, msalaba, 1498, ukarimu wa mfalme wetu, yote kwa mbwembwe. Kisha tukafika kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza. Huyu akapewa dakika tano: "Alikuwa mama shujaa wa Kigiriama, alipenda sana ngoma." Piga picha, haya, kwenye basi.

Mtoto mmoja, Mungu amzidishie, akauliza kama Pwani nayo ilipigania uhuru. Jibu: "Hapa watu walikuwa watulivu, vita vilikuwa bara." Na watoto wakaandika!

Alipenda ngoma? Sikilizeni. 1913 serikali ya Waingereza ilikuwa inawabana Wagiriama kila upande: kodi ya nyumba, vijana wakafanye kibarua kwenye mashamba ya wazungu, na wazee waliochaguliwa na serikali ili wawe masikio yake vijijini. Mekatilili akatoka, mjane wa makamo, akipita kijiji hadi kijiji na kifudu. Kifudu ni ngoma ya msibani, hapigiwi mgeni aliyeshika glasi ya madafu. Watu walikusanyika kwa sababu ya ngoma, wakasikia maneno. Kutoka hapo wakaenda Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, wakala viapo, wanawake kile kiitwacho mukushekushe na wanaume kile kiitwacho fisi: hakuna kodi, hakuna kibarua, hakuna kumtii mzee wa serikali. Hiyo ni siasa, tena ya mpangilio.

Oktoba 1913 wakamkamata yeye na mwenzake katika harakati, Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka uhamishoni Kisii, huko magharibi, mbali na Pwani. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu. Hebu fungueni ramani muangalie Kisii iko wapi na mto wetu Sabaki uko wapi. Agosti mwaka huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, na kaya nyingine wakazifunga. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa, na waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki wakaamriwa wahame. Huo ndio utulivu tuliosimuliwa.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Yule mkoloni, pamoja na udhalimu wake, aliuelewa utamaduni wetu kuliko hawa ndugu zetu wenye vitambulisho vya kutembeza wageni. Alijua kaya ndiyo bunge, kiapo ndicho sheria, na ngoma ndiyo mkutano wa hadhara. Nani hubeba baruti kwenda kulipua burudani? Na hili si letu peke yetu. Kwa Waashanti wa Ghana 1900, gavana Mwingereza alipodai aletewe Kigoda cha Dhahabu, alama takatifu ya taifa lao, Yaa Asantewaa aliwaongoza watu vitani, akaishia kufia uhamishoni Shelisheli. Nehanda wa Zimbabwe alikuwa mganga wa mizimu, wakamnyonga 1898. Majimaji ya Tanganyika, 1905, ilianza na maji ya dawa. Popote mkoloni alipofika, kitu cha kwanza kumtia hofu kilikuwa hicho ambacho sisi leo twakichezesha hotelini saa mbili usiku, baada ya chakula cha jioni.

Na hata huo mnara, kama lazima tuusimulie, basi tuusimulie wote. Mfalme wa Malindi alimpokea Mreno kwa sababu alikuwa na uhasama na Mombasa, akampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. (Na muache kuwaapia watoto kwamba rubani ni Ibn Majid, yule baharia Mwarabu mashuhuri, wanahistoria wengi walishalikataa hilo.) Miaka 7 baadaye Wareno wakaichoma Mombasa na kuipora Kilwa. 1593 wakaanza kujenga ngome ya Fort Jesus huko Mombasa, ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamia Mombasa, na Malindi ikafifia. Ndio malipo ya ukarimu hayo. Halafu mbona hamumtaji Yusuf bin Hassan, wa ukoo huohuo wa Malindi? Wareno walipanga babake auawe, wakamchukua yeye mdogo wakampeleka Goa, wakambatiza, wakamrudisha awe mfalme wao kibaraka. Agosti 1631 akaingia Fort Jesus, akamuua kapteni wa Kireno na kuiteka ngome. Kisa kama hicho kinakosaje nafasi katika saa nzima?

Ya ardhi nitayagusa tu, yanahitaji uzi wake. Ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikodiwa na Waingereza kutoka kwa Sultani wa Zanzibar 1895, sheria ya hatimiliki ikaja 1908 na ardhi isiyodaiwa kwa karatasi ikawa ya serikali. Mgiriama wa 1908 angetoa wapi karatasi? Wajukuu wake leo waitwa maskwota, wengine hatua chache kutoka kwenye hiyo sanamu mnayopigia picha.

Najua kuna atakayekuja hapa kuniambia mgeni analipa kuona mnara, halipi kuja kulishwa uchungu. Sawa, mgeni mpeleke anakotaka, ni pesa zake. Lakini darasa la watoto wa Malindi si kundi la watalii. Walimu mlio humu, kabla hamjalipa mtembezaji muulizeni kwanza: Kaya Fungo ililipuliwa mwaka gani, na kwa nini? Akibabaika, hela zenu ziwekeni mfukoni, mkamtafute mzee wa kaya. Na wewe mtembezaji wa juzi, najua umo humu na jina lako sikulitaja. Wale watoto bado wana yale madaftari. Rudi shuleni kwao ukawasahihishe.