Mwarobaini ukiingia maabara, mganga apate nini?

Mkaazi wa Tudor: Jamani, hili tulijadili bila matusi. Watu wa kemia wa chuo huja mitaani kwetu Mombasa, wakamuuliza mganga jani gani hutibu nini, wakaondoka na gunia la mwarobaini. Utafiti ukichapishwa, majina ni ya wasomi watupu. Mganga hata soda hapati. Nasema jina lake liandikwe, na ikiuzwa dawa apewe fungu lake. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi tunayo hapa Kenya tangu 2016.

Mwanafunzi wa kemia: Kaka, unarahisisha mambo. Majani huanikwa kivulini, yakasagwa, yakalowekwa kwenye methanoli, aina ya spiriti, kisha ule mchuzi hupitishwa tone kwa tone kwenye mrija uliojazwa unga wa silika, unaotenganisha kemikali. Mwisho waambulia unga usiojaza hata ncha ya kijiko, na pengine ni kitu kinachojulikana zamani. Azadirakitini, sumu ya wadudu iliyo kwenye mbegu, ilitolewa Uingereza mwaka 1968. Kuiunda upya maabarani kuliwachukua wanakemia wa Cambridge miaka 22, hadi 2007. Sasa fungu la nini, na hapa hakuna kilichouzwa? Tena mti wenyewe ulitoka Bara Hindi. Ukimlipa mganga wa Likoni, wa Kisauni atanyamaza?

Muuza dawa, Kongowea: Mwanangu, jasho lako silidharau. Hao Wahindi unaowataja ndio waliopigana. Kampuni ya Marekani na wizara ya kilimo ya huko walipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya Ulaya ya kuua kuvu kwa mafuta ya mwarobaini. Ikapingwa, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005, kwa kuwa India mafuta hayo yalikuwa yakitumika tangu hapo. Ushahidi ulikuwapo. Wetu uko vichwani mwa wazee, na wazee wanakufa.

Mwanafunzi wa kemia: Jina nitaandika, mama, akiridhia mwenyewe. Pesa siahidi, sina.

Mkaazi wa Tudor: Basi ridhaa iandikwe kabla jani halijachumwa, si baada ya jarida kutoka. Na mkataba useme fungu litaenda kwa mtaa, ugomvi wa Likoni na Kisauni uishe.

Muuza dawa, Kongowea: Na majibu yarudi kwa Kiswahili. Mafuta haya yamewahi kuwadhuru watoto wachanga, na kila wiki mama mmoja huniuliza ampe mwanawe matone mangapi. Mie namkatalia, akaenda kununua kwenye kibanda cha pili.