Naomba ushauri: kuilinda nyumba ya kale isiyokaliwa na mtu
Ndugu zangu, nimeachiwa jukumu la kuiangalia nyumba ya familia yenye umri wa zaidi ya miaka 100, ambayo kwa sasa haikaliwi na mtu, na kwa miezi kadhaa watu nisiowajua wamekuwa wakiingia humo usiku. Wameng'oa nyaya za shaba na vitasa vya milango, na wiki iliyopita nilikuta majivu ya moto uliowashwa juu ya sakafu ya mbao, jambo lililonitisha kuliko wizi wenyewe.

Fundi mmoja ananishauri nizibe madirisha yote kwa mbao za kupigilia misumari. Nahofia kwamba misumari itapasua fremu za kale, na kwamba nyumba isiyopitisha hewa itashika unyevu na kuoza, tukawa tunaiua katika kuilinda. Nimesikia kuwa mbao zinaweza kubanwa kwa boliti ndefu zinazoshikwa na boriti upande wa ndani, bila kutoboa fremu, huku matundu ya hewa yakiachwa. Aliyewahi kufanya hivyo alitumia mbao za unene gani? Na taa zinazojiwasha mtu akipita huwafukuza wavamizi kweli, au huwamulikia njia tu? Mlinzi wa kudumu, kwa bahati mbaya, simmudu.