Je, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa Uganda kujisajili kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), shilingi milioni 150 kwa mwaka, kipandishwe?

Muuza jumla, Kikuubo
Kipandishwe. Kimekaa palepale tangu 2015, bei za bidhaa hazikukaa. Tena kinahesabu mauzo, si faida. Milioni 150 kwa mwaka ni kama shilingi 411,000 kwa siku. Duka la sukari na mchele linazipita kabla ya adhuhuri, na faida ya kila gunia ni kiduchu. Wala huna mwaka mzima wa kujipanga: mauzo yakizidi milioni 37.5 ndani ya miezi mitatu, una siku 20 za kuomba usajili. Msimu mmoja wa sikukuu unatosha kukuingiza.

Mhasibu, Mbale
Ndugu, hilo la miezi mitatu nakuunga mkono. Ila kupandisha kiwango hakumsaidii anayeumia zaidi: aliyekwisha kusajiliwa, huku wanaomuuzia mali hawatoi risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato. Tuseme umenunua mali ya milioni 10, ukalipa na VAT 1,800,000, ukapewa risiti ya mkono. Unaiuza milioni 10.4, VAT yake ni 1,872,000. Ungekuwa na risiti ya EFRIS yenye TIN yako (namba ya mlipakodi), ungekata ile 1,800,000 uliyokwisha kulipa, ukapeleka URA 72,000 tu. Bila hiyo unapeleka zote 1,872,000, na faida yako ilikuwa 400,000. Mtaji umeliwa hapo. Taja TIN yako kabla ya kulipa. Risiti isiyo na TIN ya mnunuzi haikusaidii kudai VAT uliyolipa.

Muuza vipuri, Arua
Mnasahau walio chini ya kiwango. Wa mauzo ya milioni 60 asiye na vitabu vya hesabu hulipa kodi ya mapato 400,000 kwa mwaka. Akiwa navyo ni 180,000, na asilimia 0.6 ya milioni 10 zilizozidi 50, jumla 240,000. Vitabu vyenyewe ni daftari la mauzo na risiti za manunuzi, basi. Wangefundishwa hilo sokoni, kwa lugha zao.

Muuza jumla, Kikuubo
Mhasibu, hesabu yako ni sahihi, lakini nani atamlazimisha mwagizaji mkubwa? Ukidai risiti anakwambia bei ni nyingine, au nenda kwingine. Mali iko kwake. Anayebeba hasara ni mnunuzi aliyelipa kodi kihalali. Sheria ianze na yule anayekataa kutoa risiti, ndipo imdai huyu wa chini.

Mhasibu, Mbale
Hapo sina ubishi. Lakini hiyo ni hoja ya usimamizi. Kiwango kikipanda kesho, mwagizaji yuleyule ataendelea kuandika kwa mkono.