Mnaocheza Pokémon GO na magemu ya kutembea hapa Dar, tupeane uzoefu wa usalama na heshima kwa watu

Wakuu habari za jioni.

Nimefungua huu uzi kwa sababu ya jambo lililonipata Jumapili na mpaka leo linanikaa moyoni. Nacheza Pokémon GO, ile gemu ya simu ya kutembea mitaani ukikamata wanyama wanaoonekana kwenye simu tu, miaka kadhaa sasa, nimezunguka karibu Dar nzima kwa miguu kwa ajili ya kutotolesha mayai ya kwenye gemu, yanayoanguliwa kwa kilomita unazotembea, na kusema kweli gemu imenisaidia mwili na imenipa marafiki. Sasa Jumapili nilikuwa natembea Kinondoni, raidi (pambano la pamoja dhidi ya mnyama mkubwa) ikatokea kwenye jimu, yaani alama ya mapambano kwenye ramani, iliyo upande wa makaburini, nikawa nasogea huku macho kwenye simu, nasogea tu, kuja kuinua kichwa nimesimama katikati ya watu wanashusha jeneza. Mzee mmoja wa kanzu akaniangalia akaniuliza taratibu, "Kijana, umekuja kuzika?"

Nilikosa jibu aisee. Nikamwambia samahani mzee wangu, poleni sana na msiba. Akasema, "Basi weka simu mfukoni, njoo." Nikaenda nao mpaka kaburini, nikatia udongo mara tatu kama wengine, marehemu hata jina simjui. Hakunifokea hata kidogo, na nadhani ndo maana imeniuma zaidi.

Gemu haijui kuna msiba. Inajua hapo pana alama kwenye ramani basi. Hata wenzetu imewakuta, mwaka 2016 gemu ilipotoka tu, jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi kule Washington na makaburi ya kijeshi ya Arlington waliomba watu wasichezee pale. Sasa na sisi huku tunajiwekea utaratibu gani? Karibuni, kila mtu aseme lililomkuta yeye mwenyewe.

Mdau wa Kariakoo

Pole mkuu, na huyo mzee Mungu ampe umri.

Langu mimi ni simu. Nilikuwa pembeni ya Mtaa wa Msimbazi nimesimama ukingoni kabisa mwa barabara nazungusha Pokestopu, ile alama ya ramani inayokupa vifaa vya gemu, pikipiki ikapita na watu wawili, wa nyuma akanyoosha mkono simu ikaenda, yaani nilibaki nimeshika hewa, watu wananiangalia. Kwenye ile simu kulikuwa na laini ya pesa, picha za mtoto wangu, kila kitu. Tangu siku ile sisimami upande wa barabara. Naingia kibarazani kwa muuza duka, nasalimia, nanunua hata maji, mgongo ukutani, ndo natoa simu. Nikitembea simu iko mfukoni, kilomita zinahesabika tu hata gemu ikiwa imefungwa ukiruhusu ile ya kusawazisha hatua, imekuwepo tangu 2018, kwa hiyo hamna sababu ya kutembea umeishika.

Na jambo lingine, ile chambo mtu anayoweka kwenye Pokestopu ili wanyama waje, kila anayecheza karibu anaiona. Kule Missouri mwaka 2016 polisi walikamata vijana waliokuwa wanavizia wachezaji kwa gemu hii hii. Ukiona chambo sehemu ya kiza, iache ipite.

Dada wa Mikocheni

Mmeongea kama wote tunaocheza ni wanaume. Kwa sisi wanawake hofu ya kwanza siyo simu.

Nilikuwa Coco Beach, jua limeshazama, nimebakiza jimu moja. Kuna mkaka akawa nyuma yangu, nikisimama anasimama, nikigeuka anajifanya anaangalia bahari. Gemu inakufanya utembee ovyo ovyo kwa hiyo mwanzoni nikajiambia labda na yeye anacheza. Hakuwa na simu mkononi. Nilienda moja kwa moja kwa mama anayekaanga mihogo nikamwambia shikamoo mama, naomba nikae hapa kidogo, kuna mtu simuelewi. Yule mama hakuuliza swali la pili, akanisogezea ndoo nikae, akamwita kijana wake kwa sauti ili yule mtu asikie. Akaondoka. Nikala mihogo mikono inatetemeka.

Sasa hivi sichezi peke yangu baada ya saa kumi na mbili, na dada yangu anajua niko wapi. Hata Community Day zenyewe, zile siku za tukio la wachezaji wote, kwa kawaida ni saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, usiku unatafuta nini?

Mzee wa Posta

Mimi nilianza na Ingress, gemu ya kutembea iliyotangulia ya hao hao waliotengeneza hii, hii ya Pokémon ilikuja kukuta ramani tayari, Pokestopu nyingi zimetokana na zile sehemu zilizopendekezwa na wachezaji wa Ingress, ndo maana unazikuta kwenye masanamu, makanisa, misikiti na majengo ya zamani. Kwa hiyo Posta ni tamu sana, ukianzia Sanamu ya Askari ukashuka kuelekea baharini unatembea kwenye historia. Lakini ndo huko huko kuna ofisi nyeti.

Siku moja nimesimama mbele ya jengo moja, sitalitaja, nimepewa kazi ya kuskani Pokestopu, ile inayotaka uzungushe kamera kama unarekodi video. Mlinzi akaja, "Unapiga picha nini?" Nikaanza kueleza habari za gemu, na kadiri ninavyoeleza ndo naonekana muongo, mtu mzima wa miaka hamsini anasema anatafuta wanyama wasioonekana. Nilikaa pale getini mpaka mkubwa wake alipofika, nikafungua gemu nikamuonyesha polepole, akaelewa, akaniambia mzee nenda lakini usirudie. Simlaumu mlinzi. Yeye kaona mtu anaelekeza kamera kwenye lango analolilinda, ulitaka afanye nini?

Kwa hiyo vijana wangu: zimeni kamera, gemu inachezeka vizuri tu bila kamera na chaji inadumu. Kazi za kuskani fanyieni kwenye bustani. Karibu na kambi, Ikulu, bandari, usinyanyue simu kabisa, pita zako. Na msalimie mlinzi kabla hajakuuliza.

Dereva bajaji, Sinza

mi sichezi hiyo kitu ila naomba niseme maana mnatutia presha sana. pale shekilango dogo mmoja alishuka barabarani hajaangalia kulia hajaangalia kushoto kainamia simu, nilikata kona bajaji ikalala upande mmoja, abiria wangu mama mjamzito, Mungu saidia hakuumia. dogo ananiambia samahani kaka kuna kitu kilikuwa kinakimbia. nikamuuliza kiko wapi. ananionyesha kwenye simu. nilitaka kulia. na ile barabara ya mwendokasi ndo mbaya zaidi maana basi linakuja kimya na watu wamezoea kuangalia upande mmoja tu

Mdau wa Kariakoo

Pole sana kaka, na mama naye pole. Na kuna wanaocheza wakiendesha, hiyo ndo mbaya kuliko zote. Japani Agosti 2016 dereva aliyekuwa anacheza hii hii gemu aligonga watu, mwanamke mmoja akafariki. Ukiwa kwenye mwendo gemu inakuuliza kama we ni abiria, na mtu anabonyeza ndiyo huku kashika usukani.

Mama wa Tabata

Jamani watoto. Mwanangu ana miaka kumi na moja, anacheza kwa simu yangu. Kulikuwa na Pokestopu kwenye ukuta wa jirani, wenyewe walichora picha nzuri ukutani, basi mtoto kila jioni yuko getini kwao amesimama na simu. Sikujua. Jirani akaenda kwa mjumbe kusema kuna mtoto anatumwa kuchunguza nyumba yake, maana mtaani walikuwa wameshaibiwa mara mbili. Nilipoitwa nilishtuka. Nikamshika mtoto mkono tukaenda wote, akasalimia, akaonyesha gemu, jirani naye akacheka na kumpa maembe. Lakini fikiria angekuwa mtu wa hasira, tunajua mitaani neno "mwizi" linavyokimbia.

Kijana wangu mkubwa ndo akaja kunielewesha kwamba Pokestopu inafikika ukiwa mita 80, zamani ilikuwa 40, waliongeza kipindi cha korona na wachezaji wakadai ibaki. Kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusimama getini kwa mtu, hata kibarazani kwetu inafika. Sasa anachezea hapo, namuona.

Mwenye uzi

Asante sana mama, hiyo ya mita 80 ndo ilikuwa dawa yangu Jumapili, ningebaki ng'ambo ya barabara nisingeingilia mazishi ya watu. Na kwa mwenye nyumba au msikiti asiyetaka alama kwake, anaweza kuomba itolewe. Wenye nyumba Marekani walishtaki, na kwenye makubaliano ya 2019 kampuni ya gemu ilikubali kushughulikia malalamiko ya namna hiyo ndani ya siku 15 au karibu na hapo. Ile ya makaburini nimeshaiombea mimi mwenyewe, nasubiri.

Dada wa Mikocheni, Community Day ijayo tunakutana Mnazi Mmoja saa nane, tutakuwa kundi, tunazunguka mpaka saa kumi na moja na kila dada anasindikizwa mpaka kituoni. Mzee wa Posta shikamoo, na wewe njoo utupitishe kwenye hizo sehemu, utuambie wapi tusinyanyue simu.

Mzee wa Posta

Marahaba. Nitakuja. Njooni na maji na kofia, jua la saa nane si mchezo.